Kaka amekataa kukatwa kibofu, anasubiri dawa ya maabara yangu

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Naomba usitaje jina langu wala ninakoishi. Safu hii nimeisoma kwa miaka mingi, na nakiri kuna siku nimewacheka wanaoandika. Leo ni zamu yangu.

Mimi ni mtafiti wa maabara. Si daktari, ingawa nyumbani wote huniita daktari na nimechoka kuwasahihisha. Kwa miaka sita nimefanya kazi moja tu: kutafuta namna ya kuifikisha jeni ndani ya seli za kibofu cha mkojo chenye saratani. Nasema kuifikisha makusudi, maana watu wakisikia tiba ya jeni hudhani kazi ngumu ni kuipata hiyo jeni. Jeni tunayo. Kinachotushinda ni hatua ya mwisho, pale dawa imeshatoka kwenye mpira wa mkojo, imeshagusa ukuta wa kibofu, na sasa inatakiwa iingie. Safari yenyewe ni ya unene wa karatasi, na miaka yangu sita yote imeishia humo.

Kaka yangu mkubwa ana miaka 61. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na kaka ndiye aliyenilipia ada mpaka chuo kikuu. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Mwaka juzi alianza kukojoa damu, na kwa kuwa haikumuuma akanyamaza miezi miwili, mpaka shemeji alipoiona mwenyewe chooni. Hospitali wakamwingizia kamera, wakakwangua vivimbe viwili, majibu yakaja: saratani ya daraja la juu, bado iko kwenye utando wa ndani, haijafika kwenye msuli. Kando ya vivimbe walikuta pia ile aina bapa, isiyo na uvimbe, inayotambaa ukutani kama kuvu. Akawekewa ndani ya kibofu dawa iitwayo BCG wiki sita mfululizo, halafu dozi za kuendeleza. Walipopiga kamera tena, ile bapa ilikuwa palepale.

Madaktari wakamweka kitako yeye na shemeji. Wakamwambia njia ya uhakika zaidi ni kukiondoa kibofu. Kama hataki, zipo dawa za kujaribu, mojawapo ya jeni, kwa sharti kwamba atarudi kupigwa kamera kila miezi mitatu, na ajue kuwa kuchelewesha upasuaji nako kuna hatari yake. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akasema: "Mimi sikatwi. Mdogo wangu ndiye anayetengeneza hiyo dawa. Nitamsubiri yeye." Huu ni mwezi wa nne hajakanyaga hospitali.

Kosa ni langu. Tulipokutana kwenye sherehe ya familia nilimwonyesha picha kwenye simu. Sisi, ili tujue jeni imefika wapi, hutumia jeni ya kimulimuli: seli iliyoipokea hutoa mwanga, na kamera huuona gizani. Kwenye picha ile kibofu cha panya, kidogo kama harage, kilikuwa kinawaka chote. Kaka aliishika simu yangu kwa mikono miwili. Sikumwambia kwamba siku hiyo tulikuwa na panya 12 na kwamba picha ile niliichagua. Vibofu vingi kati ya vile vingine viliwaka vipande vipande, kama makaa yanayozimika. Viwili viliwaka pale mdomoni mwa mpira tu. Kimoja kilikuwa giza tupu, kwa sababu panya alikuwa ameshaivujisha dawa yote kabla ya muda kwisha.

Wiki iliyopita kaka alinipigia. "Niletee chupa moja tu," akasema. "Wa kuniwekea ninaye, kuna nesi tumeelewana." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa kimya, kisha akasema: "Sijawahi kukuomba kitu." Akakata simu.

Shemeji hunipigia usiku, akinong'ona, kaka akishalala. Anasema mimi peke yangu ndiye ambaye kaka humsikiliza. Mama anasema nisimkatishe mwenzangu tamaa. Dada yetu naye amenitumia habari ya kijana wa Marekani aliyekufa mwaka 1999 kwa tiba ya jeni, na chini yake ameandika: "Hiki ndicho unachotaka kumwekea kaka?"

Nikimwambia ukweli wa kazi yangu, namnyang'anya fimbo anayoiegemea. Nikimwambia akubali kukatwa, na akafia mezani, au akapona lakini akachukia maisha ya kuvaa mfuko, nitaishi vipi? Nikinyamaza, ugonjwa hausubiri. Na ile chupa, Mshauri, nakiri kuna usiku mmoja niliifikiria. Siku tano sasa sijapokea simu za shemeji.

Mdogo Mtu

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Baada ya hapo nilimtafuta rafiki yangu ambaye ni daktari wa njia ya mkojo, ili nisije nikaandika nisichokijua. Yaliyo ya kitaalamu hapa chini yamepita mikononi mwake. Yaliyo ya kindugu ni yangu.

Naanza na chupa, kwa sababu katika yote uliyoyaandika hilo ndilo nisiloliona kuwa fumbo, na nadhani hata wewe unalijua. Iliyomo kwenye chupa zenu ni jeni ya kimulimuli. Inawaka, haitibu. Na hata kama ingekuwa ndiyo jeni yenyewe, kilichoandaliwa kwa ajili ya panya hakijasafishwa wala kupimwa kwa ajili ya binadamu. Kaka yako hajui hilo. Yeye anajua kwamba mdogo wake ana friji lenye dawa. Mfa maji hukamata maji, na usimhukumu kwa kuomba. Lakini kuna jambo ambalo huenda hukulifikiria usiku ule: akipata homa kali kutokana na chupa hiyo, atawaficha madaktari sababu ili akulinde wewe. Mtu aliyekulipia ada bila kukukumbusha ndivyo atakavyofanya.

Basi tuiweke chupa pembeni, tuje kwenye shida yenyewe.

Nikikuelewa vizuri, kaka yako yuko kwenye kipindi ambacho saratani bado ni ya juu juu lakini ni ya aina kali, BCG imeshindwa, na kila njia iliyobaki ina bei yake. Wewe unaamini kwamba amekwama kwa sababu ya picha uliyomwonyesha, na kwamba neno lolote utakalolitoa sasa ndilo litakaloamua auawe na kisu au auawe na ugonjwa. Umeufunga ugonjwa wake na deni lako kwake kwa kamba moja, na ukivuta huku, kule kunakaza.

Wasomaji wengine wananifuata hapa bila kuwa na elimu yako, na wengine wana kaka zao hospitalini, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Wewe utanivumilia.

BCG ni bakteria wa chanjo ya kifua kikuu waliodhoofishwa. Alvaro Morales na wenzake, kule Kanada, waliripoti mwaka 1976 kwamba ukiwamimina kwenye kibofu huamsha kinga ya mwili ikaishambulia saratani. Wakati huo lilikuwa jambo la kushangaza kama jeni linavyoshangaza leo, na mpaka sasa ndiyo dawa ya kwanza kwa hali kama ya kaka yako. Inaposhindwa, ushauri wa miaka mingi umekuwa kukitoa kibofu. Ndipo Desemba 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaidhinisha tiba ya kwanza ya jeni kwa saratani ya kibofu, nadofaragene firadenovec. Ni virusi vya jamii ya mafua, adenovirusi, vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana, vikabebeshwa jeni ya kutengeneza interferoni, protini inayoamsha kinga ya mwili. Mgonjwa huwekewa mililita 75 kwa mpira, huizuia kwa saa nzima huku akigeuzwa ubavu huu na ule ili iguse kila upande, kisha huikojoa. Hurudia kila baada ya miezi mitatu. Zile seli zinazopokea jeni hugeuka viwanda vidogo vya interferoni.

Ukisikia hivyo unaona rahisi. Mlango upo, mpira unapita, dawa haihitaji kuzunguka mwili mzima. Mkwamo uko kwenye kibofu chenyewe, kiungo kilichoumbwa kukataa. Kazi yake ni kushika uchafu wa mwili kwa saa nyingi bila kuruhusu hata tone lirudi kwenye damu. Juu kuna utando wa ute, chini yake seli pana zilizofunikana kama miavuli, zimeshonwa pembezoni zisiachie nafasi. Virusi vyako navyo vinahitaji kitasa cha kushika kwenye seli ili viingie, na seli za saratani kali mara nyingi huwa na vitasa vichache. Juu ya hayo mkojo mpya unaendelea kushuka kutoka kwenye figo, ukiizimua dawa, na saa ikigonga mtu anakwenda chooni.

Hadithi ya namna walivyoupenya ukuta huo ilinifurahisha, na labda wewe unaijua kuliko mimi. Walianza kwa kuosha kibofu cha panya kwa pombe. Ikasaidia, lakini ikaumiza. Wakaja na kemikali ya aina ya sabuni, ikafanya kazi, ila matokeo yakawa hayaeleweki mpaka wakagundua kwamba kilichokuwa kikifanya kazi ni uchafu uliochanganyika na sabuni ile. Wakatengeneza kemikali safi kwa kuiga uchafu huo, wakaiita Syn3, na ndiyo inayochanganywa na dawa ya leo. Yaani kwa muda fulani walikuwa karibu kuitupa dawa na kubaki na maji ya kuoshea.

Sasa zipo njia nyingine ambazo zimekuwa zikijaribiwa kwa wagonjwa. Kuna virusi vinavyozaliana ndani ya seli za saratani tu na kuzipasua, vinavyotanguliwa na kuosha kibofu kwa sabuni laini. Kuna jeni inayofungwa kwenye chembe ndogo sana za kitosani, kitu kinachotokana na magamba ya kaa na kamba, bila virusi kabisa. Kwa hiyo hatua yako ile ya unene wa karatasi si ya mtu mmoja aliyeshindwa. Wanaipambania watu wengi, na baadhi wanaisogeza.

Takwimu sasa. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 103 wenye ile aina bapa, BCG ikiwa imeshindwa, walipewa nadofaragene. Baada ya miezi mitatu 55 hawakuonekana na saratani. Baada ya mwaka, waliokuwa bado safi walikuwa 25. Karibu robo. Rafiki yangu daktari anasema amewasomea wagonjwa namba hizo hizo na akaona nyuso mbili tofauti kabisa: mmoja anasikia "robo" na kuinuka kwenye kiti, mwingine anasikia "robo" na kuomba tarehe ya upasuaji. (Namba hizi ni za saratani inayoanzia kwenye utando wa kawaida wa kibofu. Ile inayoletwa na kichocho cha muda mrefu mara nyingi ni ya aina nyingine, msichanganye.)

Ndiyo maana nataka kukuuliza: una uhakika gani kwamba ukweli utamnyang'anya kaka yako fimbo? Wewe ndiye uliyewaona panya 11 wengine. Umeishi na kushindwa huko miaka sita, kwa hiyo kwako robo ni aibu. Kwake huenda ni nyingi. Huenda ni chache. Hujui, kwa sababu hajawahi kuisikia kutoka kwako.

La pili ambalo sina uhakika nalo ni hili la picha. Je, kweli amekataa kukatwa kwa sababu ya picha? Nimejaribu kukaa mahali pake. Mwanamume wa miaka 61, kifungua mimba, aliyebeba nyumba mabegani tangu ujana, anaambiwa kwamba watamtoa kibofu na tezi dume pamoja. Kisha watakata kipande cha utumbo mwembamba, wakitumie ama kuutolea mkojo tumboni kwenye mfuko, ama kumshonea kibofu kingine cha kujifunza upya, ambacho kitamwamsha usiku kwa saa. Unadhani aliogopa nini hasa alipovaa kofia? Daktari wangu anasema wanaume huuliza habari za mfuko mapema sana. Lile jingine, la chumbani, huliuliza wakiwa wameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Wengi hawaliulizi kabisa. Na hapo kwenu shemeji alikuwa amekaa pembeni yake.

"Namsubiri mdogo wangu" ni sentensi ya heshima. Inamtoa mtu chumbani bila kusema "naogopa." Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema kama ndivyo ilivyo, basi mazungumzo unayoyaogopa, ya jeni na asilimia, siyo anayoyahitaji, na unaweza kumaliza jioni nzima ukimweleza adenovirusi huku yeye akisubiri umwulize jambo jingine.

Ukienda kwake, una namna kadhaa za kuanza, na zote zina mwiba. Mojawapo ni kumwonyesha zile picha 11. Hiyo imenijia mara ya kwanza nilipoisoma barua yako na haijaniondoka. Mketi wawili, bila shemeji wala mama, umpe simu, umwambie: kaka, ile niliyokuonyesha ilikuwa moja, hizi ndizo nyingine. Huhitaji kumshauri chochote. Hatari yake ni kwamba ataona ulimdanganya, na kwa siku kadhaa huenda asikupokelee simu. Hatari nyingine ni kinyume chake: macho yake yataruka hizo zote na kurudi kwenye ile inayowaka. Tumaini lina macho ya namna hiyo.

Ama uende naye hospitali. Hili linaonekana zuri, nami ningelipenda, ila tahadhari: daktari akijua kazi yako atazungumza na wewe, nyote wawili mtatumia maneno yenu, na kaka atakaa katikati kama mtoto aliyepelekwa na wazazi. Ukienda, nenda kama mdogo mtu. Beba kofia yake. Mwachie yeye maswali, na kama anapenda, mwombe daktari akae naye dakika kumi bila wewe wala shemeji, kwa ajili ya lile swali la kwenye kitasa.

Lipo pia suala la majaribio. Huenda kaka anafaa kuingia kwenye utafiti wa njia hizi mpya, na sioni aibu kuuliza. Lakini kama utafiti una uhusiano na maabara yako itabidi useme wazi kwamba ni ndugu yako, na uamuzi wa kumpokea usipitie kwako hata kidogo. Na aingie akijua kwamba utafiti haukuundwa kwa ajili yake, umeundwa kwa ajili ya kujua.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulizungumza polepole kama hayo mengine. Akubali kisu, achague dawa ya jeni iliyopo, aombe kuingia kwenye utafiti, au aseme hataki chochote: kila moja ya njia hizo, kama itachaguliwa kwa macho wazi, inaanzia kwenye kamera. Miezi minne bila kuangaliwa ni mirefu kwa saratani ya daraja hili. Maelezo ya dawa yenyewe yanaonya kwamba kuchelewesha kukitoa kibofu kunaweza kuipa saratani nafasi ya kuingia kwenye msuli au kusambaa, na ikishaingia huko, dawa ya kumimina kwenye kibofu, hata ya maabara yako, haina tena kazi. Kwa hiyo kama utamwomba jambo moja tu, unaweza kumwomba akapigwe kamera. Hilo halimlazimishi kukubali kukatwa. Mtu mwenye hofu huweza kukubali kuangaliwa hata pale anapokataa kuguswa.

Kuhusu dada yenu, usimpuuze. Kijana anayemzungumzia ni Jesse Gelsinger, alikuwa na miaka 18, na alifariki Septemba 1999 katika majaribio ya tiba ya ugonjwa wa ini. Virusi alivyowekewa vilikuwa vya jamii hiyohiyo, adenovirusi. Ila yeye vilipelekwa kwa mshipa wa damu unaoingia kwenye ini, kwa kiasi kikubwa, na kinga ya mwili wake ikalipuka. Kwenye kibofu sehemu kubwa ya dawa hubaki ndani ya kile kifuko na kutoka na mkojo, na ukuta ule unaokutesa wewe kazini ndio huohuo unaomlinda mgonjwa. Madhara ya kawaida ni mkojo wa ghafla, kibofu kubana, uchovu, homa na baridi, damu kidogo. Haina maana kwamba hakuna la kuogopa: mwenye kinga dhaifu yuko kwenye hatari ya virusi kusambaa mwilini, na kwa siku mbili baada ya dawa mkojo hutiwa dawa ya kuua virusi na kuachwa robo saa kabla ya kumwagwa. Mweleze dada hivyo, bila kumcheka. Aliuliza swali lililobadilisha fani yenu nzima.

Na lile deni. Hapa naingia nisikoalikwa, unisamehe. Kaka alikulipia ada ukasoma, na ikatokea kwamba ulichokisoma ni ugonjwa uliokuja kumpata yeye. Naona jinsi akili inavyoweza kusema: basi hii ndiyo siku ya kulipa. Lakini yeye hakukusomesha ili umponye kibofu. "Sijawahi kukuomba kitu" ni neno zito, na nadhani lilimtoka kwa woga kuliko kwa hesabu. Ukilijibu kama dai utaishia kwenye ile chupa. Unaweza pia kulijibu kwa kumwambia ni kweli, hujawahi, na sasa umeomba ambacho siwezi kukupa, nifanye nini kingine? Kisha ukae kimya muda mrefu kuliko unavyopenda. Watu wa maabara, nimeona, mnapenda kujaza kimya kwa maelezo.

Huenda akachagua kisu, huenda akachagua robo yake. Huenda akachagua kitu ambacho wewe kwa elimu yako usingekichagua, na utabaki kuwa mdogo wake siku hiyo na kesho yake. Niandikie ukishamwona, hata kama mazungumzo yameharibika.

Ila kabla ya kaka, kuna mtu anayenong'ona usiku nyumbani kwake akihesabu mara ngapi simu imeita bila kupokelewa. Shemeji yako mpigie leo, mchana, aongee kwa sauti yake ya kawaida. Huna haja ya kuwa na jibu.